Hodi Sita kwenye Trei ya Printa

Jumatatu ile umeme ulikatika saa saba kasoro dakika kumi na sita. Najua dakika kwa sababu baadaye ilinibidi niiandike.

Nilikuwa kwenye chumba cha inveta, ghorofa ya chini ya jengo la madaktari ninakofanya kazi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani kwetu mtaa wa Turffontein. Mimi ni fundi wa jengo: taa, milango ya sumaku, kamera, mabomba yakivuja, na zile betri kubwa zinazobeba jengo umeme wa mji unapoondoka. Chumba kile kina joto na mvumo usiokoma, meza moja ya chuma, na mlango unaofungwa kwa ndani. Kwa miezi saba nilikuwa nakula chakula changu cha mchana mle kwa dakika kumi, na dakika hamsini zilizobaki najifunza.

Nilikuwa najifunza kupima usalama wa mitandao. Mtu wa kazi hii huitwa na mwenye mtandao ajaribu kuingia kama mwizi angeingia, kisha aandike ripoti ya alipopitia ili pazibwe. Nilianza nikiwa na miaka arobaini na minane, bila mwalimu, kwa vitabu na video na daftari. Sababu yangu haikuwa kubwa. Kila baada ya miezi kadhaa vijana wa kampuni moja ya Sandton, upande wa matajiri wa mji, walikuja kukagua mtandao wa jengo, wakanipita kwenye ngazi kama wanavyoipita ndoo, na kwa dakika tano wakaona mambo ambayo mimi niliyefunga nyaya zile kwa mikono yangu sikuwahi kuyaona. Nilitaka kujua wanatazama nini.

Daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, niliandika na kupigia mstari kwa rula: usiguse mashine yoyote bila ruhusa ya maandishi ya mwenyewe. Kwa hiyo nilijitengenezea mtandao wangu wa mazoezi, unaoingia kwenye mfuko wa chakula: ruta kuukuu na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kipande cha sabuni. Mashine mbili, zote mali yangu. Nilichomeka ruta ukutani, nikafungua kompyuta yangu ya mapajani, nikawa najivamia mwenyewe.

Mashine iliyo kwenye mtandao ina milango mingi yenye namba. Mingine imefungwa, mingine iko wazi kwa kazi maalumu: huu wa kurasa, huu wa picha za kamera, huu wa kuchapisha. Hatua ya kwanza ya upimaji ni kupita mlango kwa mlango na kuona upi unajibu. Kuna programu zilizokamilika za kazi hiyo, zenye tahadhari zilizotokana na makosa ya watu wengi. Mimi nikaandika yangu. Nilitaka kuielewa kazi kutoka ndani, na sikutaka kutumia kitu ambacho sikukifungua. Kila mlango ulio wazi ulihitaji kupelekewa maneno mawili matatu ili ujibu, na hapo kwenye maneno nikaweka nililofundishwa utotoni Tanga: Hodi. Mara tatu, kwa kutulia kidogo katikati, kisha kuondoka. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa mkali juu ya hilo. Ukipiga hodi tatu usijibiwe, unageuka, huchungulii pazia. Programu yangu ilifanya hivyo hivyo, na niliona ina adabu.

Sasa, Jumatatu. Umeme ulipokatika, inveta ilitoa ule mlio wake mfupi, tak, na taa hazikutikisika. Huusikia mlio huo karibu kila siku na siuzingatii tena. Nililolisahau ni kwamba soketi niliyochomeka ruta yangu haimo kwenye nyaya za inveta. Niliiacha nje mwenyewe wakati wa kufunga nyaya, ili betri zisichoshwe na birika la mtu. Ruta yangu ikazimika kimya nyuma ya mfuko. Kompyuta yangu, ikiwa na betri yake, ikatafuta mtandao mwingine inaoufahamu, ikaupata: mtandao wa jengo, ambao niliwahi kuuingia nilipokuwa narekebisha kamera na sikuwahi kuufuta.

Hata hapo ningeokoka kama namba za anwani zingekuwa tofauti. Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Mitandao yote niliyowahi kupanga nimeipanga kwa namba zilezile: ruta ni moja, kamera zinaanza kumi, printa ni hamsini. Nyumbani, kazini, mfukoni. Programu ilipouliza ipite wapi, ilipita palepale nilipoiambia.

Nilibonyeza.

Orodha ilileta mashine kumi na tisa. Mtandao wangu una mbili. Nikadhani programu ina kasoro, na kwa kuwa nimejizoeza kutoamini jibu nililoliona mara moja, nikabonyeza tena. Kumi na tisa. Nikaanza kusoma mstari mmoja mmoja na nilipofika wa sita nikaona jina la mashine: korido-dawa. Ni kamera ya korido ya dirisha la dawa. Jina hilo nililiandika mimi, miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimesimama juu ya ngazi.

Nilifunga kompyuta, nikaikalia, kama vile mtu angeingia na kuiona. Sheria ya hapa haiulizi kama ulichukua kitu. Kuingia bila ruhusa ni kosa. Na kibali changu cha kazi kimebandikwa kwenye pasipoti kikiwa na jina la mwajiri. Nikiachishwa kazi ile, kibali kinabaki stika tu, na mimi na mke wangu tunabaki watu wa kuelezea kwa nini bado tuko.

Dakika chache baadaye simu ya chumbani ililia. Ni mapokezi. Printa imegoma, wagonjwa wanasubiri barua zao za rufaa, tafadhali njoo. Nilipanda ngazi nikiwa najua kilichotokea kabla sijafika, kwa sababu katikati ya ngazi nilikumbuka jambo nililowahi kulisoma na kulipita: mlango wa printa hauzungumzi. Chochote unachoupelekea, unakichapisha.

Niliizima printa, nikaiwasha, ikapona. Trei ilikuwa tupu. Mtu alikuwa ameshachukua karatasi. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri alinishukuru kwa Kizulu, nikaitikia bila kumtazama.

Jioni, baada ya magharibi, nilimweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo.

"Umechukua nini?" aliuliza.

"Sikuchukua kitu."

"Sasa unatetemeka nini?"

"Niliingia. Kuingia kwenyewe ndilo kosa."

"Kwa printa."

"Na kwingine. Ila printa ndiyo iliyosema."

Alicheka. "Mtu mzima na mvi zako, unapigia hodi printa." Alicheka mpaka nilipoweka pasipoti mezani, ikiwa wazi kwenye ukurasa wa kibali. Hapo akaketi, akashika shati langu lililokunjwa nusu. "Wanaweza kujua ni wewe?"

Nilimweleza kwamba ruta ya jengo huweka kumbukumbu ya kila kompyuta iliyoingia, kwa jina na saa. Nilifahamu pia namna ya kuifuta kumbukumbu hiyo. Miezi saba ilikuwa imenifikisha huko. Hilo sikumwambia. Nililifikiria nikiwa naosha vyombo, hatua kwa hatua, amri ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nilikuwa nimeshamaliza nilipogundua ninachokifanya.

Jumanne nilikula chakula changu bila kufungua kompyuta. Mtu aligonga mlango wa chumba cha inveta.

"Hodi."

Nilishusha kijiko.

"Muzee, fungua. Iko mimi."

Alikuwa dada wa mapokezi. Ametoka Bukavu, anaishi Hillbrow, na katika jengo lote ni sisi wawili tunaosema Kiswahili, kila mmoja chake. Alifunga mlango nyuma yake, akatoa kwenye mfuko wa sare karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza. Ilikuwa nyeupe tupu, isipokuwa juu, pembeni kushoto, neno moja dogo.

"Ni weye njo uliandika hii?"

"Umeitoa wapi, dada?"

"Kwa printa. Zilitoka sita. Tano iko kwa chef. Hii moya nilificha." Chef kwake ni meneja wetu. Alinitazama. "Chef aliniuliza, hii luga gani? Nikamuambia sijue."

"Kwa nini ulimwambia hujui?"

"Ningesema nini? Hapa banaosema Swahili ni weye na mimi. Mimi hata kutia karatasi kwa ile printa sijuaka, inanikamataka vidole. Sasa nani anabakia?"

Nilimweleza. Nilianza na umeme, nikaenda kwenye soketi, nikaenda kwenye namba. Alinyanyua mkono nilipofika kwenye namba.

"Ngoya. Unapigaka hodi kwa mashine?"

"Ndiyo."

"Na ikikuambia karibu, unafanya nini?"

"Naandika kwenye daftari."

"Eish, muzee." Alicheka kidogo, bila furaha. "Chef anawaza ni bandit, muizi. Bale ba Sandton batakuya siku ya ine."

Siku ya ine kwake ni Alhamisi kwangu. Wangefungua ruta, wangeona jina la kompyuta yangu. Na ingeonekana pia kwamba yeye aliulizwa akasema hajui. Alikuwa na karatasi zake mwenyewe za ukimbizi, za kuombewa upya kila mara, na hazikuhitaji jambo kama hili. Hakulisema. Aliikunja karatasi tena, akaiacha juu ya meza, akaenda kupokea simu.

Usiku huo nililala mapema na sikusinzia. Jumatano asubuhi, nikiwa kwenye robot ya mwisho, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, kabla ya jengo nikisubiri kijani cha waenda kwa miguu, niliamua kuandika ripoti. Nilikuwa nimejifunza namna ya kuiandika, na nilikuwa sijawahi kupata cha kuripoti.

Niliiandika kwa mkono kwanza, kwa Kiingereza changu kilichonyooka. Nani: mimi. Lini: saa na dakika, mara mbili. Nilitumia nini: programu yangu, na nikaiambatisha yote, mistari themanini na sita. Niligusa nini: mashine kumi na tisa, kwa orodha. Sikufanya nini: sikufungua faili, sikujaribu nywila, sikufuta chochote. Ruhusa: hakuna.

Ilibaki sehemu moja, ya nilichokiona. Nilikaa nayo muda mrefu kuliko zingine zote. Korido-dawa ilikuwa imejibu kwenye mlango ambao kamera haitakiwi kujibu, mlango wa matengenezo, unaofunguliwa siku ya kufunga kamera na kuzibwa jioni. Zingine zote nilikuwa nimeziba. Hii nilisahau. Kwa miaka mitatu, mtu yeyote aliyeweza kuingia mtandao ule angeweza kutazama korido wanapokaa wagonjwa wakisubiri dawa, nani amekuja, siku gani, saa ngapi. Hakuna aliyejua. Ningeweza kuuziba kwa dakika moja na kunyamaza, na ripoti yangu ingekuwa na kosa moja badala ya mawili. Vijana wa Sandton hawakuwahi kuuona kwa miaka yote hiyo, na sikuwa na sababu ya kudhani wangeuona Alhamisi.

Niliuandika. Siwezi kusema niliuandika kwa ujasiri. Niliuandika kwa sababu ukurasa ulikuwa na kichwa kinachosema nilichokiona, na nilikuwa nimekiona.

Saa tisa alasiri nilikwenda kwa meneja. Ni mama wa rika langu, Mzulu, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miaka minne tuliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuniinulia sauti. Mlango wake ulikuwa wazi. Nilisimama nje nikagonga fremu kwa kidole.

Aliisoma ripoti yote akiwa na kalamu, bila kuniambia niketi. Alirudi ukurasa wa pili. Karatasi tano za printa zilikuwa kwenye kona ya meza yake, zimepangwa vizuri, zimewekewa kikombe juu.

"Hii kamera ya korido," alisema. "Nani aliifunga?"

"Mimi, mama."

"Na iko wazi sasa hivi?"

"Iko wazi. Sikugusa kitu tena tangu Jumatatu."

Aliandika kitu pembeni. Nilisikia mtu akikohoa huko nje, na lifti ikifungua na kufunga.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Ulijua inatakiwa?"

"Nilijua. Ni mstari wa kwanza wa daftari langu. Nilidhani niko kwenye mashine zangu. Ningetakiwa kuhakikisha kabla ya kubonyeza, na sikuhakikisha."

Aliondoa kikombe, akachukua karatasi moja, akaigeuza kwangu. "Niambie maana yake."

Nilimweleza hodi. Nilimweleza zile mara tatu, na kugeuka ukikosa jibu. Alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Na sisi nyumbani ni hivyo," alisema. "Mgeni anasimama getini, anaita. Haingii mpaka aitwe." Aliweka karatasi chini. "Wewe, baba, uliita ukiwa umeshafika jikoni."

Alirudisha kikombe juu ya karatasi.

"Na mapokezi? Aliniambia hajui lugha hii."

Nikasema kwamba yeye hakuhusika kwa lolote, na kwamba ningependa iandikwe hivyo.

"Kila asubuhi ananiletea barua," meneja alisema. "Anasimama hapo uliposimama. Kabla hajaingia anasema neno hili hili. Miaka minne."

Basi alikuwa amejua tangu Jumatatu kwamba ni mmoja wetu. Siku mbili nilizohesabu hatua zake kwenye korido, yeye alikuwa amekaa na zile karatasi chini ya kikombe akisubiri. Nilishika mgongo wa kiti ambacho sikuwa nimekaribishwa.

"Nenda kazibe kamera," alisema. "Mimi nakutuma. Ukimaliza uniletee hiyo kompyuta. Wa Sandton wanakuja kesho kama nilivyosema, nitawapa karatasi zako. Wakikuta kumbukumbu inasema tofauti na wewe, hata dakika, sitakuwa na namna."

Alhamisi vijana wa Sandton walikaa kwa muda wa saa tatu. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili nikibadilisha bawaba ya mlango usiohitaji bawaba. Nilijaribu kukumbuka kama saa ya kompyuta yangu huwa inatangulia. Inatangulia. Kwa dakika ngapi sikujua, na niliandika saa na dakika kutoka kwenye kompyuta ile. Niliondoa skrubu, nikairudisha, nikaiondoa. Saa sita na nusu dada wa mapokezi alipanda kwa ngazi badala ya lifti, akasimama akihema.

"Bameenda," alisema.

"Wamesema nini?"

"Nitajuaje? Mimi nilibapa chai tu. Moya aliuliza, huyu fundi iko wapi, anataka kumuona. Mwingine akamuambia, acha, kila kintu kiko mule."

Saa ilikuwa imetangulia dakika mbili. Waliliona. Waliandika kwamba tofauti ni ya saa ya mashine na si ya maelezo, na waliongeza kwamba wao wenyewe hawakuwahi kuupima mlango wa ile kamera. Hilo nililisoma wiki iliyofuata kwenye barua ya onyo la mwisho niliyopewa kusaini. Onyo la mwisho maana yake hakuna lingine. Kompyuta binafsi marufuku ndani ya jengo kwa miezi sita. Kazi yangu, na stika kwenye pasipoti, vilibaki.

Barua hiyo ninaitunza kwenye bahasha moja na vyeti. Mke wangu anasema kuiweka humo ni kuichokoza.

Miezi sita ilipokwisha niliandika ombi, ukurasa mmoja: anwani zipi, siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi, nani awepo. Meneja aliliweka wiki tatu. Liliporudi lilikuwa na saini, na anwani nne kati ya saba zilikuwa zimekatwa kwa kalamu. Zilibaki tatu, za kamera tu. Chini aliandika kwamba mtu wa mapokezi awepo na asome namba kwa sauti.

Tulifanya Jumamosi mchana, pale mapokezi, jengo likiwa limefungwa. Nilikuwa nimeacha programu yangu nikatumia ile ya wengi, yenye tahadhari. Mtandao nilioingia niliuhakikisha mara nne. Dada alisimama nyuma yangu na barua mkononi, akasoma namba moja moja kwa Kifaransa, akajisahihisha, akasoma kwa Kiswahili. Mimi nikaandika, nikamsomea nilichoandika, akalinganisha. Anwani ya tatu tuliisoma mara mbili kwa sababu aliruka tarakimu, au mimi niliruka, hatukukubaliana nani.

"Ile printa nilizima," dada alisema. "Na waya niling'oa."

"Printa haimo kwenye orodha."

"Najua."

Nikabonyeza. Sote wawili tukageuka kuitazama printa.